Taa Tatu za Kisima Kikavu

Ninyi mlionichangia nauli mna haki ya kujua ilikokwenda, kwa hiyo naanza na betri. Betri ya tatu ya zahanati yetu ilikufa mwezi wa pili, jioni ile ile ambayo mke wa jirani yangu alikuwa akijifungua. Mtoto alizaliwa kwa mwanga wa simu iliyoshikwa na bibi yake. Mama na mtoto wako salama, tunashukuru, lakini mimi ninayeongoza kamati ya zahanati nilitoka pale na aibu isiyosemeka. Paneli za jua tunazo sita juu ya paa. Mchana zinachemka bure, na jua likizama nasi tunazama nalo.

Kamati ilikaa ikagawanyika. Upande mmoja ulitaka betri ya nne. Upande wa pili uliongozwa na Mzee Mwadime, ambaye mimi na yeye hatujakubaliana jambo tangu aliponifundisha darasa la tano. Yeye alitaka paneli ziuzwe, turudi kwenye karabai na tuache kujifanya watu wa kisasa. Niliomba majuma mawili nilete jibu. Mzee akasema nikija bila jibu, fundi wa kuteremsha paneli ameshampata.

Ndipo nikampigia simu Sista Dahabo kumlilia hali. Mnamkumbuka: yule nesi Msomali mrefu aliyetuhudumia hapa Taita miaka minne, akajifunza kusalimia "Kwawuka!" vizuri kuliko wajukuu zetu, kisha akahamishiwa kwao Ijara, kaunti ya Garissa. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema kwa utulivu wake, "Abaayo, dada yangu, mimi taa zangu za usiku hazina betri. Zinawashwa na mzigo unaoshuka kisimani."

Nikacheka. Nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa. Najua kitu kizito ukikiinua kinahifadhi nguvu, na kikishuka kinairudisha. Nimelichora ubaoni hadi chaki ikanichoka. Lakini Ijara? Nchi ile ni tambarare kama sinia. Wenye milima ni sisi.

"Cheka ukimaliza uje," akasema Dahabo. "Kusikia si kuona."

Jumatatu alfajiri niliondoka Voi na mkoba mmoja, ndani yake mkiwa na saa ya kupimia, utepe wa fundi cherehani, daftari, na kilo nne za maharage ya kwetu kwa ajili ya Dahabo. Nililala Mombasa kwa shemeji, na Jumanne kabla jua halijachomoza nikapanda basi la Garissa. Sitawachosha na habari za njia ya Malindi, wengi wenu mnaijua. Baada ya Garsen miti inafupika, upepo unakuwa wa moto, na abiria wanaacha kuzungumza ili wasipoteze mate.

Kwenye kizuizi cha polisi tuliteremka sote na vitambulisho mkononi. Afisa mmoja kijana akatazama changu, akanitazama mimi.

"Mwalimu wa Wundanyi. Unaenda kufanya nini huko?"

"Kuangalia kisima."

"Kina maji?"

"Nimeambiwa hakina."

Akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Safari njema, Mwalimu," akasema, na nikamsikia akiwasimulia wenzake kabla sijapanda basi.

Saa saba mchana niliteremka kabla ya Hola na kuvuka mto Tana kwa boti kwenda Masalani. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Tulivuka watu tisa, mbuzi wawili na pikipiki moja iliyolala chali, na mwenye boti, Mpokomo mcheshi, akaniambia nisiogope mamba kwa kuwa saa hizo wamelala. Sikumuuliza wanaamka saa ngapi.

Ng'ambo alinisubiri Abdullahi, fundi wa kuchomelea vyuma, na Land Cruiser kuukuu isiyo na kioo cha mbele. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, ndevu zimepakwa hina, na mwepesi wa kuona amedharauliwa. Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hatujafika Kotile. Nilimuuliza ni mhandisi gani kutoka Nairobi aliyewajengea ule mtambo.

Akafunga breki katikati ya barabara. "Maalimu. Hii mkono unaona?" Akaniinulia viganja vilivyojaa alama za cheche. "Hii ndio Nairobi. Kila chuma, mimi nimeunga. Hesabu ya kwanza ilitoka kwa mtoto ya dada yangu, yeye anasoma chuo. Lakini hesabu haishiki moto."

Nikaomba radhi. Tulipofika Kotile akaninunulia shaah, chai yao yenye maziwa ya ngamia, na hapo nikajua nimesamehewa. Tukiwa tunakunywa alinisimulia habari za kisima, na nawaandikia kama alivyosema, nikimnyoosha kidogo tu.

Kijiji chao kiko mwendo wa saa moja na nusu kutoka Kotile, ndani ya kichaka. Wenyewe wanakiita El Abaar, kisima cha ukame. Zamani hapakuwa na kisima hata kimoja. Walichimba kwa mikono, misimu mitatu ya kiangazi, wakishusha pete za saruji moja baada ya nyingine, mita ishirini na nane kwenda chini. Hawakukuta hata unyevu. Watu wa kijiji jirani cha wafugaji wakawatungia wimbo. Kwa Wasomali wimbo wa kejeli si mchezo, unaweza kukufuata hadi arusini mwa binti yako. Wimbo ulisema El Abaar wamechimba mchanga ili wapate mchanga.

"Ule wimbo iliimbwa mbaka Liboi," alisema Abdullahi. "Mbaka mpakani! Mimi nilikuwa huko nanunua fyuma, mtu hata hanijui, anaimba tu."

Saa kumi na moja jioni tuliingia El Abaar, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mlima. Nasema mlima kwa heshima. Kwetu tungekiita kichuguu. Ni lundo la mchanga uliotoka kisimani, na kwa kuwa ndio mwinuko pekee katika upeo wote wa macho, watoto huupanda na mbuzi hulala kivulini mwake. Pembeni yake umesimama mnara wa vyuma wenye miguu minne, mrefu kuliko nyumba, na chini ya mnara ndipo ulipo mdomo wa kisima.

Dahabo alitoka zahanati mbio, akanikumbatia, akasema "Kwawuka!" na maharage akayapokea kabla hajanipokea mkoba. Nyuma yake alikuja Adeer Muhumed. Neno adeer ni baba mdogo, na wote wanamwita hivyo, hata walio sawa naye kwa umri. Yeye ndiye mwangalizi wa kisima. Wafugaji hawa hawana kisima kisicho na mwangalizi wake: ndiye anayepanga nani anyweshe leo, nani kesho, nani asubiri, na neno lake halirudiwi. Kisima chake hakikutoa maji hata tone moja, na cheo chake hakikuondolewa.

"Umekuja kucheka ama kuona?" aliniuliza.

"Kuona, Adeer. Kucheka nilimalizia kwenye simu."

Dahabo akanikanyaga mguu, lakini mzee akatabasamu. Akanionyesha kila kitu mwenyewe. Chini ya mnara kunaning'inia tundu la chuma, mfano wa tundu la kuku, lenye mapipa ishirini na moja: saba, juu yake saba, juu yake tena saba. Kila pipa lina maji. Asubuhi tundu huwa limefika chini kabisa. Jua likichomoza, paneli zinaendesha mota ndogo, na mota inazungusha magurudumu ya meno yaliyotolewa kwenye lori bovu, na tundu linapanda polepole hadi alasiri linapofika juu ya mdomo wa kisima. Hapo hufungwa kwa breki. Ikifika Maghrib, mwenye zamu anaachia breki. Tundu linaanza kushuka, na kwa kushuka linazungusha dainamo, na dainamo inawasha taa za zahanati mpaka alfajiri.

Nilitoa saa na utepe. Lilishuka upana wa vidole viwili kwa dakika. Ukitazama huoni kitu kinachotembea. Lazima ugeuke, useme jambo, kisha uangalie tena.

Nikafanya hesabu daftarini, na nawaambia kweli, moyo ulishuka kuliko tundu. Zaidi ya tani nne za maji, mita ishirini na nane, usiku mzima, na nguvu inayopatikana inatosha taa tatu. Tatu! Moja juu ya kitanda cha kujifungulia, moja wadini, moja mlangoni. Nikamwambia Dahabo kwa sauti ya chini kwamba sijui kama naweza kurudi nyumbani na habari ya taa tatu. Mzee Mwadime angenimaliza.

"Wewe ulikuwa na taa ngapi mwezi wa pili?" akaniuliza.

Nikafunga daftari.

"Mimi nina tatu kila siku ya Mungu, mwaka wa tatu huu. Friji ya chanjo inafanya kazi mchana na kujigandishia barafu ya usiku. Nilikwishaapa sitashika tena simu kwa meno huku mikono yangu iko kwa mama. Taa tatu, abaayo. Ya nne nitaiweka wapi?"

Jumatano nilikaa kutwa na daftari. Niliona kitu ambacho hakikuwa kwenye hesabu zangu zote. Asubuhi alikuja mwanamke na binti zake wawili, wakapaka grisi, wakafagia mdomo wa kisima, wakakaa kivulini kuulinda mnara. Hakuna aliyewaita. Ilikuwa siku yao. Kesho yake ingekuwa nyumba nyingine, na siku inayofuata nyingine, kwa utaratibu ule ule ambao ungetumika kama kisima kingekuwa na maji na ngamia wangekuwa wakinyweshwa. Niliuliza wanafanya nini mtu akikosa siku yake. Adeer Muhumed hakulielewa swali. Nikaliuliza kwa namna nyingine, Dahabo akatafsiri, na bado hakulielewa.

Nilimuuliza pia kwa nini mapipa yana maji. Mchanga ni mzito zaidi, na wanao mlima mzima pale pale. Abdullahi alitazama chini. Mzee alijibu taratibu, akinitazama machoni.

"Kisima bila maji ni shimo tu, Maalimu. Mimi si mwangalizi ya shimo. Mvua ilibonyesha, tukajaza mabiba kwa ndoo, tukaweka ndani. Sasa mtu akiuliza, El Abaar iko na maji? Iko. Nani atasema haiko?"

Kifizikia lilikuwa jibu la ovyo. Mimi nikalipenda.

Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, mambo yaliharibika. Tundu lilikuwa limeshafika juu na kufungwa. Ndani ya zahanati Dahabo alikuwa na Halima, mke wa Abdullahi, mtoto wao wa kwanza, uchungu tangu adhuhuri. Mara mbwa wakabweka, na kutoka kwenye kichaka wakatokea ngamia. Walikuja wakiyumba, nundu zimelala upande, karibu arobaini, na nyuma yao mtu mmoja aliyefunga kikoi kichwani. Aliitwa Gedi. Silanga, yaani bwawa la kuchimbwa, aliyokuwa akiitegemea ilikuwa imekauka, na gari la maji halikutarajiwa kabla ya kesho yake. Alisimama mbali kidogo na kisima na hakuomba kitu. Baadaye nilijua kwa nini: alikuwa wa kile kijiji kilichotunga wimbo.

Ngamia hawakuwa na aibu hiyo. Walinusa mapipa wakaja moja kwa moja hadi mdomo wa kisima.

Adeer Muhumed aliwatazama. Kila mtu akamtazama yeye. Dahabo akatoka mlangoni na glavu mikononi, akaelewa yote kwa mtazamo mmoja.

"Adeer, nina mama ndani."

"Najua."

"Ukiwanywesha hawa, usiku sina taa."

"Dahabo, mnyama ikifika mdomo ya kisima na kiu, haina mwenyewe tena. Ni ya kisima. Mimi nitamwambia Mungu nini? Kwamba maji ilikuwa ya taa?"

"Na mimi nitamwambia Halima nini?"

Abdullahi alisimama katikati yao, mke wake upande mmoja na mlinzi wa kisima chake upande wa pili. Niliona anataka kusema hapana, na niliona hawezi. Nami nilitaka kupiga kelele kwamba huo ni wazimu. Niseme wazi: nilikasirika. Hakuna watu wengine duniani ambao wangejenga betri kisha wakainywesha ngamia wa mtu aliyewatukana.

"Fungua," alisema Adeer Muhumed.

Wakafungua. Mapipa yakamwagwa kwenye hori moja baada ya jingine, na ngamia wakanywa kwa sauti ya kuvuta ndefu, shingo zikipandisha maji mpaka ukaona yanavyopita. Waliyamaliza yote. Tundu lilibaki likining'inia jepesi, upepo ukiligonga kwenye nguzo. Saa kumi ilikuwa imepita, na jua lilikuwa limebakiza saa mbili.

Ndipo nikaenda kwa mzee, na nikasema kwa sauti ambayo natumai ilikuwa ya heshima, "Adeer, mchanga."

Aligeuka kulitazama lile lundo. Nilijua ninachomwomba. Nilimwomba awe mwangalizi wa shimo, mbele ya mtu wa kijiji kile, na kuutia muhuri wimbo wao: wamechimba mchanga ili wapate mchanga. Kutoka zahanati Halima alilia kilio kimoja kirefu. Mzee akachukua karai iliyokuwa karibu na mguu wake, akaenda kwenye lundo, akapiga magoti, akaijaza kwa mikono yake mwenyewe. Akaipeleka hadi kwenye tundu. Akaimwaga kwenye pipa la kwanza.

Baada ya hapo sikuhitaji kutafsiriwa. Watu walijipanga mstari kutoka lundoni hadi mnarani, kama wanavyojipanga kwenye visima virefu kupitishiana ndoo, mkono hadi mkono. Wazee, wanawake, mwalimu wa madrasa, wenye zamu na wasio na zamu. Mmoja akaanza kuimba, wengine wakaitikia, na karai zikaenda na mwendo wa wimbo. Ulikuwa wimbo wa kuteka maji. Miaka yote hiyo hawakuwa wamepata nafasi ya kuuimba kwenye kisima chao. Mimi nilikuwa kati ya Abdullahi na mama mmoja mnene ambaye kila nikichelewa alinisukuma kwa nyonga.

Karai kama ishirini hivi zilipopita nilimwona Gedi ameingia mstarini. Hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza. Alipewa karai akaipitisha.

Pipa la kwanza lilipofika theluthi mbili nikapiga kelele wasimamishe. Abdullahi hakunielewa, na alipoelewa alikasirika.

"Kwa nini? Tujaze mbaka juu! Ikiwa nzito, taa itakuwa kubwa!"

"Itakuwa kubwa leo. Kesho mota yako itainua nini? Mchanga una uzito wa maji mara moja na nusu. Kamba ni ile ile, mnara ni ule ule."

"Mnara nimeunga mimi. Inabeba lori!"

"Na mkeo yuko chini ya taa yake," nikasema. "Unataka tujaribu leo?"

Alinitazama kama atanipiga. Mzee akasema kutoka nyuma, bila kuinua sauti, "Maalimu amesema. Bole bole, Abdullahi." Nilichukua kaa la jikoni nikachora mstari kwenye kila pipa, yote ishirini na moja, na hakuna aliyeupita mstari wangu hata kwa konzi moja. Katika miaka kumi na tisa darasani sijawahi kusikilizwa hivyo.

Muadhini alikuwa akisafisha koo pale karai ya mwisho ilipomwagwa. Mwanamke mwenye zamu akaachia breki. Tukageukia zahanati, sote, mikono inauma, na kwa muda wa kumeza mate hakuna kilichotokea. Kisha taa ya mlangoni ikawaka, na baada yake dirisha la kitandani, na la wadini. Hakuna aliyepiga makofi. Walikwenda kuswali. Mimi nililia, sina sababu ya kuwaficha.

Ijumaa niliamshwa na adhana ya alfajiri. Nilitoka nje nikaona taa tatu bado zinawaka na kamba imenyooka hadi gizani mwa kisima. Dahabo alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha shaah, macho mekundu, uso wa mtu aliyeshinda. Mtoto alikuwa wa kike, na mama alihitaji kushonwa. "Nimeshona kwa mikono miwili," akasema, akaniinulia yote miwili.

Gedi aliondoka asubuhi hiyo na ngamia wake. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya Adeer Muhumed na kutoa beti mbili, kwa sauti, kila mtu asikie. Niliomba tafsiri kwa Dahabo. Ilisema hivi: ziko nchi zenye visima vya maji zinazofukuza ngamia, na iko nchi yenye kisima cha mchanga iliyowanywesha. Mzee alisikiliza akiangalia pembeni, akichokonoa mchanga kwa fimbo.

"Imepungua bale katikati," alisema mzee kuhusu beti hizo, Gedi alipokwisha kwenda mbali. "Lakini si mbaya." Hiyo ndiyo furaha pekee aliyoionyesha. Beti hizo, naambiwa, zimeshafika Masalani.

Jumamosi nilirudi kwa njia ya Garissa mjini, nikiwa nimepakiwa mbele ya lori la mbuzi. Nje ya mji tulipita lile shamba kubwa la paneli, safu kwa safu hadi macho yanachoka, umeme wake ukienda kwenye gridi ya taifa. Dereva alinionyesha kwa kidole kwa majivuno. "Umeona jua yetu?" Nikamwambia nimeona, na kwamba nimeona pia mahali wanapoiweka ikizama. Hakunielewa, na nilikuwa nimechoka kueleza. Usafiri wa Nairobi, kisha Voi, kisha mlima wetu wenye ukungu. Kwa mara ya kwanza maishani nilipanda ile barabara ya Wundanyi nikihesabu mita, na kila kona niliona nguvu tunayoiacha imelala. Korongo lililo nyuma ya zahanati yetu linateremka mita themanini. Tumekuwa tukitupa takataka humo.

Jumamosi iliyofuata kamati ilikaa. Mnajua, wengi wenu mlikuwapo, lakini wengine mlisikia kwa kutiwa chumvi. Niliwaeleza mnara, mapipa, breki na mstari wa kaa. Mzee Mwadime aliniuliza swali nililolitarajia.

"Taa ngapi?"

"Tatu, Mzee. Kwa korongo letu huenda nane."

Watu waliguna. Akaniuliza kama huko walikuwa na fundi bora kuliko wetu, nikasema hapana. Vyuma bora? Hapana. Basi kwa nini chao kimedumu miaka mitatu na betri zetu tatu zimekufa mikononi mwetu?

Niliwaambia nilichojifunza, na sikukipenda hata mimi. Niliuliza ni nani kati yetu aliyekuwa na kazi ya kutia maji kwenye betri ya kwanza. Hakuna. Ya pili? Nani aliifuta vumbi, nani alizuia watu wasichajie simu za harusi kwenye ya tatu? Mimi mwenyewe nilichajia. Kwa nyumba arobaini za El Abaar mtambo ule una mwenyewe kila siku inayokucha, na kwetu ulikuwa wa zahanati, yaani haukuwa wa mtu. Nikasema sitaki tupige kura ya mtambo wala ya betri. Nilibandika ukutani karatasi ya zamu yenye siku saba na nafasi tupu, nikakaa.

Hakuna aliyeinuka. Nikaanza kufikiria yule fundi wa kuteremsha paneli. Kisha Mzee Mwadime, miaka sabini na minane, magoti mabovu, akainuka akitumia bega la jirani yake, akaenda ukutani, akaniomba kalamu. Aliandika jina lake kwenye Jumatatu, kwa ule mwandiko wake wa darasa la tano. Akageuka akawatazama wengine mmoja mmoja, kama zamani alipokuwa akisubiri vitabu vya mazoezi, na hakurudi kukaa mpaka Jumapili ikajaa.